Kuandika Riwaya Huku Unaendesha Biashara: Mwongozo wa Mwenye Mashine ya Unga

Wasomaji wa riwaya za kipelelezi za Kiswahili wanamjua Willy Gamba kuliko wanavyomjua mtu aliyembuni. Elvis Musiba, aliyetoa Kufa na Kupona mwaka 1974 na kuendelea kumtuma mpelelezi wake huyo katika riwaya nyingine, alikuwa mfanyabiashara, tena aliyeaminiwa na wenzake hata akawa rais wa Chemba ya Biashara, Viwanda na Kilimo Tanzania. Alifariki mwaka 2010. Namtanguliza yeye kwa sababu mimi nina mashine ya kukoboa na kusaga mahindi mjini Morogoro, nimechapisha riwaya mbili, na hakuna mwezi unaopita bila mtu kuniuliza kati ya unga na vitabu ni ipi kazi yangu na ipi ni ya kupitishia muda. Sidhani kama kuna aliyethubutu kumuuliza Musiba swali hilo.

Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya mtu ambaye tayari ana biashara inayomlisha, kubwa au ndogo, na ana riwaya kichwani au mswada uliosimama katikati. Haumfai anayetaka kuacha biashara ili aishi kwa kalamu, kwa kuwa njia hiyo sijaipita. Ninachokijua ni kwamba riwaya hukamilishwa kwa nidhamu ileile inayoendesha duka, yaani saa maalumu, daftari, hesabu ya mali iliyopo na mkataba ulioandikwa, na kwamba kazi hizi mbili hukaa nyumba moja kwa amani pale tu kila moja inapokuwa na sanduku lake la fedha.

Kabla ya kuandika sura ya kwanza

Jaribio la kwanza halihusu uandishi. Chagua wiki moja ya kawaida, isiwe ya msimu wa mavuno wala ya kufunga mwaka, kisha usionekane kwenye biashara yako kwa saa moja na nusu kila siku, simu ikiwa imezimwa. Wiki ikiisha, tazama kilichoharibika. Mimi nilipofanya hivyo niligundua kwamba mizani ilikuwa inasomwa vizuri, mteja alikuwa anahudumiwa vizuri, lakini hakuna aliyekuwa na mamlaka ya kumkatalia mtu anayetaka kukopa viroba, hivyo wakopaji wote walikuwa wamejifunza kuja nikiwa sipo. Tatizo hilo lilimalizwa kwa karatasi moja iliyobandikwa ukutani, yenye majina ya watu sita wanaoruhusiwa kukopa na kiwango cha kila mmoja. Kama biashara yako haiwezi kuvumilia kukosa macho yako kwa dakika 90, tengeneza kwanza biashara, kwa sababu mswada utakaoandikwa huku sikio likiwa nje utakuwa na sura tatu nzuri na hautakuwa na ya nne.

Baada ya hapo tafuta saa. Wanaosema wataandika wakipata nafasi hawataandika, kwa maana mwenye biashara hapati nafasi, na akiipata huitumia kulala, na ana haki. Mashine yangu huwashwa saa 1 asubuhi, na fundi huwa amefika nusu saa kabla ili aangalie mikanda na kupaka grisi. Mimi huamka saa 11 alfajiri, hukaa mezani hadi saa 12 na nusu, na kiwango changu ni maneno 400, siku 5 kwa wiki. Hesabu yake ni nyepesi: maneno 2,000 kwa wiki yanatoa mswada wa maneno 60,000 kwa wiki 30, na hata ukiondoa wiki za msiba, homa na ukaguzi wa kodi, mwaka hauishi bila rasimu ya kwanza. Ukiandika maneno 900 siku moja usijipe likizo kesho yake. Mfanyabiashara anayefunga duka kwa sababu jana aliuza sana hujikuta amepoteza wateja wa asubuhi.

Nilijaribu pia kuandika wakati umeme umekatika. Ni kishawishi kikubwa, kwa sababu mashine hunyamaza ghafla, wateja huketi juu ya magunia yao, na ukimya huo hufanana na nafasi. Nilikuwa nikichukua daftari lililo karibu, ambalo lilikuwa la mauzo ya pumba, na kuandika humo. Ukurasa mmoja wa mwaka ule una mistari minne ya kilo na shilingi, kisha mazungumzo ya mama mkwe na mkaza mwana wake kuhusu shamba, kisha mauzo tena. Mke wangu, ambaye ndiye hufunga hesabu zetu, alijumlisha umri wa yule mama mkwe, miaka 61, pamoja na kilo za pumba, na tukamtafuta mteja wa kilo 61 kwa siku mbili. Tangu hapo umeme ukikatika mimi hukaa na wateja, ambako ndiko mazungumzo yenyewe yanakopatikana, na kijitabu kidogo cha mfukoni hupokea sentensi moja au mbili tu.

Masanduku mawili

Hapa ndipo wengi huanguka, na mimi nilianguka.

Riwaya yangu ya kwanza ilikamilika mwezi Mei. Kwa furaha ya kumaliza, nikaenda kwa mpigachapa mwezi Julai na kumlipa fedha yote taslimu kutoka kwenye mtaji wa mashine. Anayejua biashara ya nafaka ataona kosa bila kuelezwa. Juni hadi Agosti ndiyo miezi ambayo mahindi mapya yanaingia sokoni na bei iko chini, na msagaji mwenye akili hutumia kila shilingi kujaza ghala, kwa kuwa mahindi aliyoyakosa Julai atayanunua Februari kwa bei nyingine kabisa. Mwaka ule kilo niliyoweza kuipata kwa shilingi 450 niliinunua kwa 800, na kwa miezi mitatu niliuza unga kwa faida isiyolipa hata mishahara, huku nakala elfu moja za riwaya zikiwa zimepangwa kwenye chumba ambacho mahindi yangekaa.

Kwa hiyo fungua akaunti ya pili, kwa jina lolote, hata ikiwa ni laini ya simu ambayo haitumiki kwa jambo jingine. Kila mwezi ihamishie kiasi kidogo kisichobadilika, kama vile unavyolipa mlinzi, na gharama zote za kitabu zitoke humo: karatasi, mhariri, jalada, uchapaji, usafirishaji wa nakala. Fedha ya mauzo ya kitabu irudi humohumo. Usiikopeshe biashara kutoka kwenye sanduku la kitabu, wala kitabu kutoka kwenye sanduku la biashara, hata kwa wiki moja. Faida ya utengano huu ni kwamba riwaya ya pili hulipwa na riwaya ya kwanza pamoja na akiba, na siku mtu wa familia akikuuliza kitabu kinakula kiasi gani, unamwonyesha ukurasa mmoja na mjadala unaisha.

Kuna kosa la upande wa pili pia, nalo ni kutumaini kwamba riwaya itaiokoa biashara inayozama. Mwandishi wa riwaya Mfaransa, Honoré de Balzac, aliingia katika uchapishaji, uchapaji na hata utengenezaji wa herufi za chapa kati ya 1825 na 1828, akatoka na madeni makubwa, sehemu yake ikiwa ni fedha za mama yake, na akaandika kama mtu anayefukuzwa kwa miaka iliyobaki ya maisha yake. Yeye alikuwa Balzac. Sisi wengine tukiandika kwa kufukuzwa na wadai huandika vibaya.

Jina la kuweka kwenye jalada

Musiba alitumia jina lake mwenyewe na halikumzuia kuheshimiwa kwenye chemba ya biashara. Nevil Shute Norway, mhandisi wa ndege wa Uingereza aliyeshiriki kuanzisha kampuni ya Airspeed mjini York mwaka 1931, aliamua vinginevyo: kwenye riwaya aliweka majina yake mawili ya kwanza tu, kwa kuhofia kwamba wahandisi wenzake na wenye mitaji wasingemchukulia kwa uzito mtu anayetunga hadithi usiku. Njia zote mbili zinafaa. Kipimo changu ni kujiuliza nani atakayekukopesha mwaka kesho, na kama mtu huyo atatetereka akikuta jina lako kwenye hadithi ya mapenzi au ya mauaji, tumia jina la kalamu. Mikataba yote isainiwe kwa jina lako halisi, na jina la kalamu litajwe ndani ya mkataba ili pasizuke ubishi kuhusu mwenye haki.

Biashara kama ghala la riwaya

Mwenye biashara ana utajiri ambao mwandishi wa mezani huutafuta kwa shida: anajua watu wakati wanahesabu fedha. Mtu hudanganya akisimulia maisha yake, lakini namna anavyofungua kitambaa, anavyohesabu noti mara mbili na kubakiza moja mkononi, anavyoomba kusagiwa debe moja dona badala ya sembe na kusema ni ushauri wa daktari ilhali unajua ni bei, hayo hayadanganyi. Ukiandika mhusika, kabla ya kumpa sura mpe kipato, deni na kitu anachokinunua kwa siri. Mimi huandika ukurasa mmoja wa hesabu kwa kila mhusika mkuu, mapato upande wa kushoto na matumizi upande wa kulia, na mara nyingi hadithi huanzia pale pande hizo mbili zinapokataa kulingana.

Aliyelifanya jambo hili mapema kuliko wote ninaowajua ni Daniel Defoe. Alikuwa mfanyabiashara London, akafilisika mwaka 1692 akiwa na madeni ya karibu pauni 17,000, akajaribu tena kwa kiwanda cha matofali na vigae huko Tilbury, na Robinson Crusoe ilitoka mwaka 1719, mwenyewe akikaribia miaka 60. Ukiisoma kama muuza duka utaona kitu ambacho walimu wa fasihi hawakiwekei mkazo. Mtu yule aliyetupwa kisiwani hupakua merikebu iliyovunjika kama mtunza stoo anayepokea mzigo, akitaja mikate, mchele, jibini, vyombo vya seremala, baruti. Na anapokata tamaa huchukua karatasi na kupanga mabaya na mema katika safu mbili, kwa maneno ya mwandishi mwenyewe, kama mdaiwa na mdai. Msomaji humwamini kwa sababu ya hesabu hizo. Nami nasema ni mtu aliyewahi kufilisika tu ndiye angejua kwamba mwanadamu aliyepoteza kila kitu huanza kwa kuorodhesha alichobaki nacho.

Kutoka hapo chukua zoezi hili, ambalo ndilo ninaloliamini kuliko mengine yote katika mwongozo huu. Kila jioni baada ya kufunga, kabla ya kuhesabu fedha, andika muamala mmoja wa siku hiyo kwa mistari mitano: nani alikuja, alitaka nini, alisema nini, alilipaje, aliondokaje. Usitie maoni. Usiseme alikuwa na huzuni. Andika kwamba alisahau chenji. Baada ya miezi sita utakuwa na miamala zaidi ya 100, na ukiipitia utaona kwamba watu wanne au watano wanajirudia na kwamba maisha yao yamekuwa yakisogea mbele yako bila wewe kujua. Yule bibi aliyekuwa akisaga debe mbili na sasa anasaga nusu debe, na huja jioni badala ya asubuhi, tayari ana riwaya ndani yake.

Hata hivyo mteja si mali yako. Ukitumia kisa chake, badilisha angalau mambo mawili kati ya matatu haya: kazi, mji na muundo wa familia. Mfugaji wa Mikumi awe mvuvi wa Kilwa. Mwenye wake wawili awe mjane. Kufanya hivyo hukulinda dhidi ya shauri la kashfa, lakini faida kubwa zaidi ni kwamba ukishambadilisha hulazimika tena kufuata yaliyomtokea kweli, na hadithi huanza kutembea kwa miguu yake. Mteja akikuuliza kama ni yeye, na atauliza, tena yule ambaye hukumfikiria kabisa, mwambie ukweli kwamba siye, na umuuzie nakala.

Mfano wa mwisho katika jambo hili ni wa subira. Ettore Schmitz, wa mji wa bandari wa Trieste, alitoa riwaya mbili, 1892 na 1898, kwa jina la kalamu la Italo Svevo, na hazikusomwa. Akaingia katika kiwanda cha wakwe zake kilichotengeneza rangi za kupaka matumbo ya meli, akakaa humo miaka mingi akisafiri kwa biashara. Mwaka 1907, kwa kuwa kampuni ilikuwa na shughuli Uingereza naye alihitaji Kiingereza, akaajiri mwalimu wa lugha, na mwalimu huyo alikuwa James Joyce, mwandishi kutoka Ireland, ambaye alizisoma riwaya zile mbili na kuzisifu. Riwaya ya tatu, La coscienza di Zeno, ilitoka mwaka 1923, na ndiyo iliyompa jina. Sehemu moja nzima ya kitabu hicho inahusu ushirika wa biashara unaoendeshwa hovyo na mashemeji wawili, na kwa jinsi makosa ya daftari yanavyoelezwa humo huwezi kukosea kwamba aliyeandika amewahi kukaa ofisini.

Kuuanika mswada

Rasimu ya kwanza ikimalizika, isipelekwe popote. Mahindi hayaingizwi ghalani kabla unyevu wake haujashuka hadi asilimia 13.5, na anayeharakisha hupata uvundo. Mswada nao uuache kwa miezi miwili bila kuugusa, kisha uusome kwa sauti. Kwa sauti utasikia sentensi zinazokwama, na utasikia pia pale wahusika wote wanapozungumza kama wewe. Baada ya marekebisho wape wasomaji watatu, na ni lazima mmoja wao asiwe na deni kwako wala wewe kwake. Wafanyakazi wako wataisifu. Mdeni wako ataisifu zaidi.

Kisha mlipe mhariri. Hili halina njia ya mkato, na mwalimu wa Kiswahili wa shule ya jirani, hata awe hodari vipi, hufanya kazi ya kusahihisha na si ya kuhariri riwaya. Omba ahariri kurasa 10 kwanza, mlipane kwa hizo, na utazame kama amegusa hadithi au amegusa koma tu.

Mchapishaji, au fedha zako mwenyewe

Kwa kuwa una mtaji, utavutiwa kuchapisha mwenyewe siku hiyohiyo. Usikimbilie. Peleka kwanza kwa wachapishaji, na peleka kwenye tuzo zinazopokea miswada, kwa sababu ushindi au hata kuingia kwenye orodha fupi huweza kukupa mhariri, mchapishaji na jina kwa mpigo. Tuzo ya Kiswahili ya Mabati-Cornell, iliyoanzishwa mwaka 2014 na ambayo baadaye ikaitwa Safal-Cornell, hupokea miswada ya riwaya, na kwetu sisi wenye biashara ina ladha ya ziada, kwani fedha zake hutoka kwa watengenezaji wa mabati ya kuezekea. Ipo pia Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayosimamiwa na serikali kupitia Taasisi ya Elimu Tanzania. Soma masharti ya mwaka husika kwa makini, hasa kuhusu urefu wa mswada.

Mchapishaji akikubali, mkataba wake usome kama unavyosoma mkataba wa pango la ghala. Mrabaha, yaani sehemu yako ya mauzo, mara nyingi huzunguka asilimia 10, na swali ni asilimia 10 ya nini: ya bei ya dukani, au ya fedha inayomfikia mchapishaji baada ya punguzo la maduka? Tofauti yake ni kubwa. Uliza haki za tafsiri, filamu na kitabu cha kusikiliza zinabaki kwa nani. Uliza ripoti ya mauzo inatoka mara ngapi kwa mwaka. Na kataa mkataba usiosema haki zinakurudia lini kitabu kikiwa hakipatikani tena madukani. Mrabaha hukatwa kodi ya zuio, hivyo dai hati ya makato na uihifadhi pamoja na kumbukumbu za kodi ya biashara.

Ukichapisha mwenyewe, hutakuwa wa kwanza. Ben Mtobwa alitoa riwaya zake kadhaa kupitia Heko Publishers, kampuni yake mwenyewe, na mpelelezi wake Joram Kiango akazunguka nchi nzima. Sajili jina la biashara BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara, kwa kuwa kuuza vitabu kwa leseni ya kusaga unga kutakuletea maswali, na omba ISBN, yaani namba ya utambulisho wa kitabu, kwa Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Hakimiliki yako huanza pale unapoandika, na kwa sheria ya Tanzania ya mwaka 1999 hudumu maisha yako yote na miaka 50 baadaye, lakini sajili kazi COSOTA, ofisi ya hakimiliki, hata hivyo, maana siku ukikuta nakala za wizi mtaani utatakiwa kuonyesha karatasi.

Kisha piga hesabu hii kabla ya kulipa chochote. Tuseme nakala 1,000 zinapigwa chapa kwa shilingi 4,500 kila moja, jumla 4,500,000, mhariri 800,000, jalada 200,000. Umetumia 5,500,000. Bei ya dukani ni 12,000, na duka linachukua asilimia 35, yaani 4,200, hivyo kinachorudi kwako ni 7,800 kwa nakala. Ukigawanya, utaona kwamba nakala 705 za mwanzo hazikurudishii fedha yako yote, na faida inaanza kuhesabika kwenye nakala ya 706. Weka namba zako badala ya hizi. Kama huna orodha, ya kweli kwa majina na namba za simu, ya watu 300 watakaonunua mwezi wa kwanza, chapa 200 tu kwa mashine za kidijitali, hata kama kila nakala itakuwa ghali zaidi.

Kwa mpigachapa

Kurasa za kitabu hupigwa kwenye karatasi kubwa zinazokunjwa, na kwa kawaida mkunjo mmoja hutoa kurasa 16. Kwa sababu hiyo kitabu cha kurasa 208 hugawanyika sawasawa kwa mikunjo 13, lakini cha 211 kinakulipisha mkunjo wa kumi na nne ambao sehemu kubwa yake ni tupu. Mwombe anayepanga kurasa apunguze au aongeze ukubwa wa herufi kidogo hadi uangukie kwenye namba inayogawanyika.

Na usiondoke bila kushika kitabu kilichojalidiwa kikamilifu. Katika toleo langu la kwanza nilikagua kurasa kwenye kompyuta, nikaridhika, nikaenda zangu kununua mahindi machache niliyobakiwa na uwezo wa kuyanunua. Wiki tatu baada ya kuanza kuuza, mteja mmoja alirudi na kitabu akiuliza, kwa upole ulionichoma, kama ni mtindo wa kisasa kurudia sura. Kurasa za 113 hadi 128 zilikuwa zimewekwa mara mbili, na kurasa za 129 hadi 144, ambamo mama mkwe anafichua hati ya shamba, hazikuwamo kabisa. Tulifungua nakala zote zilizobaki, mimi na vijana wawili wa mizani, na kukuta 86 zenye kasoro hiyo. Mpigachapa alisema nilishapokea mzigo, na karatasi tuliyoandikiana haikuwa na neno lolote kuhusu kasoro za kujalidi. Siku hizi mkataba wangu una sentensi mbili tu za nyongeza: nakala tano zilizokamilika zikaguliwe na kusainiwa kabla ya nyingine kujalidiwa, na nakala yoyote yenye kasoro ibadilishwe ndani ya siku 60. Hakuna mpigachapa aliyekataa kuzisaini.

Kuuza bila kuchosha wateja wa unga

Maduka mengi ya vitabu yatataka kuchukua kwa mali kauli, na hakuna ubaya, mradi uyatendee kama unavyomtendea muuza duka anayechukua viroba. Yawe na hati ya kupokelea mzigo, idadi, tarehe ya kurudi kuhesabu, na usiongeze nakala nyingine kabla ya kulipwa za awali. Nakala kumi katika maduka kumi unazoweza kuzitembelea ni afadhali kuliko mia moja katika duka moja lililo mji usiofika.

Kwenye biashara yako mwenyewe, weka nakala mbili tu mahali panapoonekana, karibu na mahali pa kulipia, bei ikiwa imeandikwa. Usimshawishi mteja aliyekuja na debe lake la mahindi na fedha ya kusagia pekee, kwa sababu kesho atapita mashine ya jirani ili asikuone. Atakayevutiwa atauliza mwenyewe. Katika mwaka wangu wa pili niliuza nakala nyingi zaidi kwa madereva wa magari ya mizigo wanaosubiri kupakiwa kuliko kwa watu niliowaalika kwenye uzinduzi, na dereva akipenda kitabu hukifikisha hadi Tunduma bila gharama.

Nakala zilizobaki zitunze kama unavyotunza unga: juu ya chaga za mbao, mbali na ukuta, mbali na sakafu, dirisha likifunguliwa mchana, na zihesabiwe kila mwisho wa mwezi pamoja na mali nyingine. Hesabu yangu ya mwisho, niliyoifanya Jumamosi kabla ya mashine kuwashwa, ilitoa nakala 212 za riwaya ya pili, tatu kati yake zikiwa zimetafunwa pembe na panya. Hizo tatu nimeziandika kwenye daftari kama hasara, na moja kati yake nimempa kijana wa mizani aisome.